Kanzidata za bure: Kasi peke yake haimlipi mkulima

MALI bila daftari huisha bila habari. Msemo huo ni wa siku nyingi, lakini mkulima wa korosho wa Mtwara au Lindi anauelewa vizuri. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze kutumika katika zao hilo msimu wa 2007/2008, mkulima hupeleka mzigo wake kwenye chama cha msingi, unapimwa, anapewa stakabadhi, kisha anarudi nyumbani kusubiri mnada. Katika siku hizo za kusubiri, korosho haiko tena mikononi mwake na fedha bado hazijafika. Alichobaki nacho ni maandishi tu.

Kwa miaka mingi maandishi hayo yalikaa kwenye leja ya karani. Siku hizi vyama vya msingi, SACCOS, vikundi vya maziwa na maduka ya pembejeo vinazidi kuhamia kwenye kompyuta. Anapokuja muuzaji wa programu ya hesabu, moja ya sifa anazozitaja mapema ni kwamba programu yake imejengwa juu ya kanzidata ya bure, tena yenye kasi kuliko zote. Viongozi wa chama hawana namna ya kulihakiki neno hilo. Hulipa gharama za kufungiwa mtambo, na msimu unaanza.

Maswali mawili yangefaa kuulizwa kabla ya malipo. Kasi hiyo ilipimwa vipi? Na je, kasi ndiyo kitu ambacho chama hicho kinakikosa?

Leja zinazosomana

Kanzidata ni leja nyingi zinazosomana. Moja ina majina ya wanachama na namba zao, ya pili ina kilo zilizopimwa kila siku, ya tatu ina bei za minada, ya nne ina makato ya salfa na mikopo. Namba ya mwanachama ndiyo kamba inayozifunga pamoja. Jina likikosewa, linasahihishwa mahali pamoja na leja nyingine zote zinafuata.

Wazo la kupanga kumbukumbu kwa majedwali ya namna hiyo lilitolewa mwaka 1970 na Edgar Codd, mtafiti wa kampuni ya IBM huko California, Marekani. Kampuni kubwa zililigeuza kuwa biashara ya leseni za bei kubwa. Baadaye zikaja programu huria, ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuzikagua na kuzirekebisha bila kulipia leseni. Zinazotajwa sana ni nne.

MySQL ilianzia Sweden mwaka 1995. Mwaka 2008 kampuni yake ilinunuliwa na Sun Microsystems kwa takriban dola bilioni 1 za Marekani, na mwaka 2010 Sun yenyewe ikaangukia mikononi mwa Oracle. Mmoja wa waasisi wa MySQL, Michael Widenius, hakupendezwa na mwelekeo huo. Mwaka 2009 alichukua msimbo uleule na kuanzisha MariaDB. Wikipedia, pamoja na ile ya Kiswahili, ilihamia MariaDB mwaka 2013.

PostgreSQL ilizaliwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, katika mradi ulioanza mwaka 1986 chini ya Michael Stonebraker. Ndiyo inayotumiwa na mfumo wa takwimu za afya wa DHIS2, ambao umeenea Kenya na Tanzania.

Ya nne ni SQLite, iliyoandikwa mwaka 2000 na Richard Hipp wa Marekani alipokuwa akifanya kazi ya programu ya manowari. Hii haihitaji seva. Kanzidata nzima ni faili moja. Kila simu ya Android inayo ndani yake, ingawa wenye simu wengi hawajawahi kulisikia jina hilo.

Kupima ni ruhusa

Katika mambo ya kanzidata, uhuru wa kupima na kutangaza matokeo haukuwapo kila mahali. Mwaka 1983 Profesa David DeWitt wa Chuo Kikuu cha Wisconsin na wenzake walitangaza matokeo ya kupima kanzidata kadhaa, na Oracle haikung'ara. Baadaye kampuni hiyo, na nyingine kadhaa zilizofuata, ziliweka kwenye leseni zao kipengele kinachomkataza mteja kutangaza matokeo ya vipimo bila idhini. Hadi leo wataalamu wanakiita kipengele cha DeWitt.

Programu huria hazina kizuizi hicho. Ndiyo maana ushindani wa MySQL na PostgreSQL umeandikwa sana, na ndiyo maana pia umejaa vipimo vya kila aina, vizuri na vibovu.

Mfanyabiashara akitaka kuona kipimo kilichotungwa kwa uangalifu, atazame kile kiitwacho TPC-C. Kilipitishwa mwaka 1992 na baraza la TPC, lililoundwa mwaka 1988 ili kukomesha majigambo ya wauzaji wa kompyuta. TPC-C inaiga biashara ya duka la jumla. Kuna maghala, kila ghala lina wilaya 10, na kila wilaya ina wateja 3,000. Orodha ya bidhaa ina aina 100,000. Wateja wanaagiza bidhaa 10 kwa wastani katika kila oda, wanalipa, wanauliza oda yao imefikia wapi. Mzigo unatolewa, na stoo inakaguliwa. Hata makosa yamo: oda moja katika kila mia inawekewa kwa makusudi bidhaa isiyokuwapo, ili ionekane kama kanzidata itaifuta oda nzima bila kuacha mabaki.

Kinachohesabiwa ni oda mpya zinazokamilika kwa dakika. Lakini mshindani haruhusiwi kutangaza idadi hiyo peke yake. Lazima aseme pia mtambo mzima uligharimu fedha ngapi kwa kila oda ya dakika, athibitishe kwamba umeme ukikatika hakuna oda iliyokubaliwa inayopotea, na matokeo yapitiwe na mkaguzi aliyeidhinishwa. Kwa lugha ya sokoni, kasi inauzwa pamoja na bei yake na dhamana yake.

Vipimo vingi vinavyoonyeshwa kwa wateja havina masharti hayo.

Mshindi wa miaka ya 2000

Katika miaka ya mwanzo ya 2000, neno lililozoeleka lilikuwa kwamba MySQL ni ya mbio na PostgreSQL ni nzito. Halikuwa uongo. Mtu mmoja akiuliza swali dogo moja, kama vile jina la mwanachama namba fulani, MySQL ilijibu haraka. Sababu mojawapo ilikuwa namna yake ya kutunza majedwali, iliyoitwa MyISAM, ambayo ndiyo iliyokuja na programu hadi toleo la 5.5 la mwaka 2010.

MyISAM ilipata kasi hiyo kwa kuacha kazi ambazo wenzake walizifanya. Haikuwa na uwezo wa kuufunga muamala wenye hatua kadhaa uwe kitu kimoja. Karani akipunguza deni la mwanachama kwenye jedwali moja, umeme ukakatika kabla hajaongeza malipo kwenye jedwali la pili, nusu ya kazi ilibaki ilivyo na hesabu zilipishana. Tena mtu mmoja alipobadilisha mstari mmoja, jedwali zima lilifungwa na wengine wakasubiri. Baada ya umeme kuzimika, mara nyingine jedwali lilihitaji kukarabatiwa kabla ya kusomeka.

PostgreSQL ilikuwa inabeba mizigo hiyo yote tangu mapema, na uzito wake ulitokana na hapo. Makarani walipokuwa wengi kwa wakati mmoja, wengine wakisoma na wengine wakiandika, pengo la kasi lilipungua au kugeuka kabisa.

Tangu mwaka 2010 MySQL huja na namna nyingine, InnoDB, inayolinda miamala kikamilifu. Kwa hiyo anayelinganisha MySQL ya leo na PostgreSQL ya leo analinganisha vitu vinavyofanana kuliko zamani, na tofauti zilizobaki zinategemea aina ya kazi.

Kwa maswali mafupi ya kutafuta mwanachama kwa namba yake, MySQL na MariaDB zinafanya vizuri sana kwa kuwa InnoDB hupanga mistari kwa kufuata namba hiyo. Kwa ripoti nzito zinazounganisha majedwali mengi, kama kuchanganua mauzo ya misimu mitano kwa kijiji, daraja na mnunuzi, PostgreSQL ina sifa ya muda mrefu, na tangu toleo la 9.6 la mwaka 2016 inaweza kuigawa ripoti moja kwa vichakato kadhaa vya kompyuta vifanye kazi sambamba. Kwa upande mwingine, mstari ukibadilishwa PostgreSQL huacha nakala ya zamani ambayo lazima ifagiliwe baadaye. Kampuni ya usafiri ya Uber ilitaja gharama za namna hiyo ya kuandika mwaka 2016 ilipoeleza kwa nini ilihamia MySQL. SQLite nayo, kwa kuwa haipiti kwenye mtandao, ni nyepesi mno kwa kompyuta au simu moja, lakini inaruhusu mwandishi mmoja tu kwa wakati mmoja.

Siri iko kwenye diski

Ipo tofauti moja inayozidi zote hizo, nayo haitokani na jina la kanzidata. Inatokana na jibu la swali hili: programu inaposema "imehifadhiwa", je, maandishi yamefika kweli kwenye diski?

Diski ya kawaida ya sahani huzunguka mara 7,200 kwa dakika, sawa na mara 120 kwa sekunde. Karani mmoja anayehifadhi muamala mmoja mmoja, na kila mara kusubiri diski ithibitishe, hawezi kuvuka sana idadi hiyo. Watengenezaji wa SQLite wenyewe wamelieleza jambo hili: kompyuta ya mezani inaweza kuingiza mistari 50,000 au zaidi kwa sekunde ikifungwa kwenye muamala mmoja, lakini miamala inayojitegemea ni makumi machache tu kwa sekunde kwenye diski ya namna hiyo. Ni sawa na kupeleka magunia ghalani. Ukijaza lori safari ni moja. Ukipeleka gunia moja moja, kinachokuchelewesha ni barabara.

Diski za kisasa zisizo na sahani zina kasi zaidi, ingawa baadhi ya zile za bei nafuu hujibu kwamba zimeandika kabla hazijaandika.

Kanzidata hizi zinamruhusu fundi kuacha kusubiri. InnoDB ina mpangilio ambao maandishi hupelekwa kwenye diski mara moja tu kwa sekunde badala ya kila muamala. Umeme ukikatika, miamala ya takriban sekunde nzima inaweza kupotea. PostgreSQL nayo ina mpangilio unaoweza kupoteza chini kidogo ya sekunde moja. Ina pia mwingine wa hatari zaidi, unaozima kabisa uthibitisho wa diski, na huo unaweza kuiharibu kanzidata yote.

Mipangilio hiyo si ya kitapeli. Inafaa pale kinachohifadhiwa kikipotea hakimuumizi mtu, kwa mfano idadi ya waliotembelea tovuti. Ubaya ni pale muuzaji anapoitumia kimyakimya siku ya maonyesho ili programu ionekane inakimbia, kisha akaiacha hivyo hivyo kwenye mizani ya wakulima.

Chama kinahitaji kasi gani?

Hesabu rahisi inasaidia. Chukua mfano wa chama cha msingi chenye wakulima 900. Siku yenye msongamano kuliko zote wanafika wakulima 200 ndani ya saa 8. Saa 8 ni sekunde 28,800. Gawanya kwa 200: ni mkulima mmoja kila baada ya sekunde 144, yaani karibu dakika mbili na nusu.

Diski ya zamani yenye uwezo wa mizunguko 120 kwa sekunde inasubiri dakika mbili na nusu kupata kazi moja. Kwa chama cha ukubwa huo, kanzidata yoyote kati ya nne inatosha na kubaki, hata ikiwekewa ulinzi wote. Kupunguza ulinzi ili kuongeza kasi ni kuuza kitu ambacho chama kinakihitaji na kununua ambacho hakina matumizi nacho.

Mambo yanabadilika kwenye chama kikuu. Vyama vya msingi 60 vya ukubwa huo, kila mkulima akipeleka mzigo mara sita, vinaleta mistari 324,000 kwa msimu. Misimu mitano ni mistari 1,620,000. Hapo ndipo makarani wanapoanza kulalamika kwamba "mtambo umezeeka", na mara nyingi wanashauriwa kubadili kanzidata au kununua seva mpya.

Kabla ya kununua, fundi aulizwe kuhusu faharasa. Kama jedwali la kilo halina faharasa ya namba ya mwanachama, kanzidata inalazimika kupitia mistari yote 1,620,000 ili kumpata mkulima mmoja. Ikiwa na faharasa, hata njia rahisi ya kugawa orodha nusu kwa nusu ingemfikia kwa hatua zisizozidi 21, na faharasa za kanzidata hizi huhitaji hatua chache kuliko hizo. Kuiweka ni amri ya mstari mmoja.

La pili ni kumbukumbu ya kompyuta, yaani RAM. MySQL na PostgreSQL zote mbili zikifungwa bila kurekebishwa hujitengea megabaiti 128 tu za kutunzia data inayotumika mara kwa mara. Kwenye seva yenye gigabaiti 16, hiyo ni sehemu ndogo sana. Mwongozo wa PostgreSQL unapendekeza kuanzia robo ya kumbukumbu ya seva. InnoDB hupewa hata zaidi ya nusu pale seva inapokuwa ya kazi hiyo pekee. Mtu anayelinganisha kanzidata mbili, moja ameirekebisha na nyingine ameiacha kama ilivyotoka, amelinganisha umakini wake mwenyewe.

Jaribio la kuchomoa waya

Bodi ya chama haihitaji kusoma kompyuta ili kumpima muuzaji. Jaribio lifuatalo linahitaji kompyuta ya mezani isiyo na betri, iliyofungwa programu ya majaribio. Kompyuta yenye data halisi ya wanachama isiguswe kamwe.

Karani aingize stakabadhi 50 za kubuni mfululizo, na kila moja ichapishwe au iandikwe pembeni mara tu programu inaposema imehifadhiwa. Akiwa katikati ya kazi, mtu mwingine achomoe waya wa umeme bila kumwambia. Kompyuta iwashwe tena. Zihesabiwe stakabadhi zilizomo, zilinganishwe na karatasi.

Ile iliyokuwa inaandikwa wakati waya unachomolewa inaweza kukosekana. Hilo ni sawa, kwa kuwa mkulima alikuwa bado hajapewa karatasi. Lakini kama imekosekana hata moja iliyokwisha kuthibitishwa, mtambo huo umeshindwa, hata uwe na kasi gani. Kila stakabadhi ya namna hiyo ni mkulima mwenye karatasi ambayo kompyuta haiitambui, na siku ya malipo neno la kompyuta ndilo litakalosikilizwa. Jaribio lirudiwe mara tano, kwa sababu mara moja inaweza kuwa bahati.

Muuzaji anayejiamini hatakataa. Anaweza hata kuonyesha mipangilio ya ulinzi na kueleza kwa nini imewekwa hivyo.

Bure ina gharama zake

Leseni ya bure haimaanishi mtambo wa bure. Chama bado kitanunua kompyuta, betri ya akiba ya kuzima mtambo kwa utaratibu umeme unapokatika, na siku za fundi. Kwa hiyo swali la nani atakuja mtambo ukikwama lina uzito kuliko tofauti ndogo za kasi. Kama mafundi wa mji wa karibu wanaifahamu MySQL, hiyo ni sababu halali ya kuichagua. Kama ni duka moja la pembejeo lenye kompyuta moja, SQLite inaweza kumaliza kazi bila seva. Chama kikuu chenye ripoti nyingi na makarani wengi kina sababu ya kuitazama PostgreSQL kwa makini.

Vyovyote iwavyo, nakala ya akiba itolewe kila jioni na itunzwe nje ya jengo la chama. Mara moja kwa mwezi nakala hiyo ijaribiwe kwa kurudishwa kwenye kompyuta nyingine, kwani nakala isiyowahi kujaribiwa haijulikani kama inasomeka. Wenye SQLite wasinakili faili wakati programu inafanya kazi; watumie amri yake ya nakala. Na mkataba useme wazi kwamba data ni mali ya chama, na kwamba fundi akiondoka ataiacha pamoja na nywila zote.

Mkulima aliyekaa kwenye benchi la chama cha msingi akisubiri gunia lake lipande mzani hajali kama kompyuta ilimjibu karani kwa sekunde moja au kwa sehemu ya mia ya sekunde. Atakayoyajali atayajua wiki kadhaa baadaye, atakaporudi na stakabadhi yake mfukoni: kilo zake zimo, na hesabu yake imekamilika.